Tozo ya nyumba mpya Mtwara ibaki katika kata inakotozwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri waheshimiwa madiwani wa Manispaa ya Mtwara Mikindani kuhusu mchango wa huduma za jamii ambao, kwa maoni yangu, ungepaswa kutolewa na wanaojenga majengo makubwa ya biashara na makazi katika mji wetu.

Mji huu ulipopanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, barabara pana zilichorwa kabla ya nyumba, na wakazi wa katikati ya mji wanafaidi mpango huo hadi leo. Pembezoni mambo ni kinyume. Mitengo, ilikojengwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na Mangamba, nyumba hutangulia, kisha ndipo watu waanze kuuliza mtaro wa maji ya mvua utapita wapi na watoto watacheza wapi. Kodi ya majengo haijibu swali hilo, kwa sababu tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU kwa niaba ya TRA, na anayenunua umeme Mangamba hana njia ya kuona fedha yake imerudi vipi Mangamba.

Napendekeza tozo kwa kila mita ya mraba ya jengo jipya. Huko England na Wales halmashauri zimeruhusiwa kutoza hivyo tangu mwaka 2010, na kwa upande wa England asilimia 15 ya makusanyo hutengwa kwa ajili ya eneo lililopokea ujenzi, ikapanda hadi asilimia 25 pale wakazi walipopitisha mpango wao wenyewe wa eneo. Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba anayejijengea nyumba ya kuishi amesamehewa huko tangu mwaka 2014.

Msamaha huo kwetu ni wa lazima. Mkazi wa kawaida wa Mtwara huchimba msingi korosho zikishalipwa, akapandisha kuta msimu unaofuata, na pengine akakaa miaka kadhaa akitafuta mabati, kwa hiyo ukimdai tozo siku anapoomba kibali cha ujenzi utakuwa umemfundisha kujenga bila kibali, na Manispaa itapoteza fedha pamoja na mpangilio wa mji. Watozwe wenye ghorofa, hoteli, hosteli na nyumba za kupangisha zenye vyumba vingi, pamoja na kampuni zinazopima na kuuza viwanja, tena walipe jengo linapokamilika, kabla wapangaji hawajaingia.

Najua wapo watakaosema kwamba mwenye nyumba atamtwika mpangaji gharama hiyo. Kwa kiasi fulani ni kweli, ndiyo maana kiwango kianze chini. Lakini mpangaji huyohuyo ndiye anayelipa bodaboda kila siku kwa kukosa zahanati na soko karibu.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni mahali fedha zitakapokaa. Sisi watu wa Kusini tuliona asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikielekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali baada ya Bunge kurekebisha sheria mwaka 2018. Tozo ya nyumba isiachwe kwenye kapu la jumla la mapato ya Manispaa. Angalau nusu yake itumike katika kata ilikokusanywa, na sheria ndogo yenyewe iseme hivyo. Kutenga fedha kwa sheria si jambo geni, kwani halmashauri zote nchini zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Sheria ndogo ya aina hii haina budi kuidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kabla ya kutumika. Nawaomba madiwani, kabla hawajaifikisha huko, rasimu ibandikwe katika ofisi za mitaa yote na isomwe kwenye mikutano ya hadhara, na ikishapita, makusanyo na matumizi ya kila kata yabandikwe hapohapo kila baada ya miezi mitatu.

Wako,
Mkazi wa Manispaa ya Mtwara Mikindani