Mwanangu, bumu ni la chakula chako

Soni, Lushoto

Mwanangu mpendwa,

Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa maharage kwa sababu najua mfuko huo hutaufungua mpaka ufike chumbani kwako Dodoma, na kwa sababu maneno yaliyomo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo wiki nzima hii uliyokuwa ukizunguka humu ndani ukifua na kupanga nguo zako za safari. Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona kwa macho yangu mwenyewe, na hicho nilichokiona ndicho kinachonifanya nishike kalamu saa hizi ambapo nyumba nzima imelala.

Jumanne, yule mwenzako wa Bumbuli mnayekaa naye chumba kimoja alipokuja kukusalimu, wewe ulikuwa umekwenda mashineni kusaga. Alikaa jikoni na mama yako wakamenya viazi, akazungumza kwa wema wake bila kujua kwamba anatoa siri. Alisema kuanzia mwezi wa pili ulikuwa ukinywa uji jioni na kuuhesabu kuwa ndio chakula cha usiku, na kwamba mchana ukitoka darasani ulikuwa unalala ili saa zipite. Alisema pia kwamba siku moja mkiwa wodini kwa mafunzo uliegemea ukuta mpaka muuguzi wa zamu akakuletea kiti. Mimi nilikuwa nje ya dirisha nikinoa jembe, na nilisikia yote.

Umenificha, mwanangu. Kila Jumapili nilipokupigia simu nilikuuliza kama umekula, nawe ukanijibu, "Nimeshakula, baba," tukaendelea na habari nyingine. Jambo hilo limeniuma sana, na usidhani kwamba limepita kwa kuwa sikukugombeza mbele ya mdogo wako. Mtu anayesomea uuguzi, ambaye kesho atamwambia mgonjwa ale ndipo ameze dawa, anawezaje kushinda na kikombe cha uji na kumdanganya baba yake?

Ulinitumia shilingi 150,000 mwezi wa Februari, ukanitumia kiasi hichohicho Aprili, na tena Juni. Bumu, yaani fedha za kujikimu unazopewa na Bodi ya Mikopo, ni shilingi 10,000 kwa siku. Mtu aliyefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka 34 hashindwi kugawa 150,000 kwa 10,000 akapata siku 15, wala hashindwi kuzidisha mara tatu akapata siku 45. Hesabu hiyo sikuifanya. Ujumbe wa kwanza ulipoingia kwenye simu nilijiambia kwamba pengine unawasuka wenzako siku za mapumziko, maana mkono wa kusuka unao, na sikuuliza zaidi kwa sababu jioni ya siku ile nilikuwa na miadi na mtu aliyekuwa akinidai. Siku 45, mwanangu. Ni mwezi mmoja na nusu ulioutoa tumboni mwako, na mimi nikaupeleka kwa mkopeshaji nikarudi nyumbani nikala.

Najua kwa nini ulituma. Umekua ukinisikia nikiwaambia wajomba zako, na hata siku ile ya kukuaga ulipokwenda chuo mwaka jana nilisimama nikasema, kwamba sisi tulikopa ili usome. Maneno hayo yalinipa heshima mbele ya watu, kwa hiyo niliyarudia mara nyingi kuliko yalivyostahili. Lakini wewe uliingia kidato cha kwanza mwaka 2018, wakati ada katika sekondari za serikali ilikuwa imeshaondolewa tangu 2016, na mwaka 2022 ulipokwenda kidato cha tano ndio mwaka ambao ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ilifutwa. Tulinunua godoro, sanduku, sare na vyombo, tukalipa nauli na michango, na vyote hivyo kwa pamoja havikufika laki tano. Deni lilikuwa milioni mbili. Kilichobaki kilikwenda kwenye ile pikipiki niliyomkabidhi kijana aifanyie kazi ya bodaboda, na jinsi ilivyorudi unakumbuka.

Mikopo ile haiitwi kausha damu bure. Kadi yangu ya benki ilikaa kwenye droo ya mkopeshaji, pamoja na namba yake ya siri, kwa miaka mitatu, na kila mwisho wa mwezi ni yeye aliyekuwa akiutoa mshahara wangu na kunihesabia kilichobaki. Mama yako nilikuwa nikimwambia kwamba mishahara imechelewa. Nilipostaafu, mafao ya mkupuo yalilipa sehemu kubwa, lakini mkia wake ulibaki, na ndio ule ulioukuta ulipofungua daftari langu wakati wa likizo ya Krismasi. Kwa hiyo, hapo niliposema kwamba umenificha, labda ungeweza kuniuliza kuficha huko ulijifunzia wapi.

Deni hilo si lako. Hukulikopa, hukulila, wala hukutumwa kulilipa. Bumu lenyewe ni mkopo: siku utakapoajiriwa, Bodi itakukata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka liishe, na ndani ya makato hayo zitakuwamo zile 450,000 nilizompelekea mkopeshaji wangu. Maana yake ni kwamba nimekopa kwa jina lako. Wewe ulituma kwa moyo mwema. Mimi nilipokea kwa moyo gani, bado natafuta namna ya kulieleza.

Usinitumie tena hata shilingi moja mpaka umalize chuo. Hata ukisikia naumwa, usitume, piga simu tuzungumze.

Nilipoyaona matokeo yako ya mwaka wa kwanza, umefaulu masomo yote bila hata moja la kurudia, nilikwenda nayo dukani nikawasomea wazee wenzangu kwenye simu, na mzee mmoja aliyekufundisha Kurani ukiwa mdogo alitoa machozi. Leo nikikumbuka kwamba mitihani ile uliifanya ukiwa na njaa, furaha yangu inaingia dosari, na wakati huohuo najivuna zaidi, na sijui nitenganishe vipi mambo haya mawili. Lakini usije ukaniambia kwamba kwa kuwa ulifaulu, basi njaa haikukudhuru. Mwaka wa pili mtakaa wodini saa nyingi zaidi, na nguo zako zimekulegea kiunoni; mama yako amezipunguza mbili bila kukuambia.

Jana usiku nilimweleza mama yako habari zote za kadi na za pikipiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakusema neno, akachukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe ingawa muda wa kukamua ulikuwa umeshapita. Leo asubuhi amenipa chai kama kawaida. Mkopeshaji nimekaa naye mbele ya mtendaji wa kijiji tukaandikiana: zimebaki 420,000, nitalipa 70,000 kila mwezi kutoka kwenye pensheni kwa miezi sita. Kadi ninayo mimi.

Sasa nisikilize. Bumu la robo ya kwanza likiingia, kabla hujafanya jambo lolote, nunua unga, mchele, mafuta na gesi ya kukutosha robo nzima, kisha ndipo ufikirie mengine. Pika pamoja na huyo mwenzako, maana sufuria moja ya watu wawili hula gesi kidogo na mtu hawezi kuruka mlo mbele ya mwenzake. Usiguse mikopo ya kwenye simu, hata ya wiki moja. Mimi nilianza na ya wiki mbili. Viatu vyako vya wodini vimeisha soli, vinunue. Upepo wa Dodoma unakupasua midomo, na mafuta ya mgando amekuwekea bibi yako kwenye mfuko wa pembeni. Usitoke usiku peke yako huko Ng'ong'ona mtaani kwenu.

Na Jumapili nikikupigia, usiniambie kwamba umeshakula. Niambie umepika nini, saa ngapi, na kilichobaki kiko wapi. Nitauliza kila Jumapili, hata ukichoka kujibu.

Huku nyumbani tunangoja vuli. Matuta ya juu nimeshayapanga na mbegu ya viazi iko tayari, ila kabichi imeshuka bei kiasi kwamba mama yako amewakatia ng'ombe. Mplamu wa nyuma ya nyumba umebeba vizuri. Ukija Desemba utazikuta plamu zimeiva, iwapo mdogo wako hatazimaliza zingali mbichi, kwani tangu amalize mtihani wa darasa la saba hana kazi nyingine zaidi ya kuupanda. Anasubiri matokeo na anajifanya hana wasiwasi. Kikoba cha mama yako kitavunjwa Desemba, naye ameazimia kubadilisha mabati ya jikoni, na mimi nimekubali bila kubishana.

Viazi nimeviweka juu ya maharage kwenye mfuko huuhuu. Vitoe siku hiyohiyo uvitandaze mahali pakavu penye kivuli, maana joto la huko litaviharibu upesi. Samli iko kwenye chupa iliyofungwa kwa khanga ya bibi yako. Samli ni yako, ule. Khanga anaitaka irudi, na amenisisitiza niliandike hilo.

Ni mimi baba yako