Barua ya wazi kwa akina baba wa uwanja wa besiboli

Wanangu, akina baba mnaozungumza Kiswahili hapa Houston na vitongoji vyake, ambao vijana wenu wanacheza besiboli sekondari.

Marahaba, hata kabla hamjaniamkia. Leo sina subira ya salamu ndefu.

Mnajua timu yetu imetolewa kwenye mtoano. Ulikuwa mzunguko wa saba, ambao kwa sekondari ndio wa mwisho. Tulikuwa nyuma kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, wawili wetu wameshatolewa, na mmoja yuko kituo cha tatu anasubiri kurudishwa kituo cha nyumbani ili tupate pointi. Aliyeshika kigongo ni kijana wa mwaka wa mwisho, mtoto wa mmoja wenu. Mpira ukapita usawa wa magoti, kijana hakuupiga, mwamuzi akainua mkono: mpira halali wa tatu, naye ametolewa, wa tatu na wa mwisho wetu. Miaka minne ya sekondari ikaishia hapo.

Wenzake walipojipanga kupeana mikono na wapinzani, baba yake alishafika kwenye geti la uzio, anamwita. Akamtoa mstarini, akampeleka kwenye maegesho, akamsimamisha kati ya pikapu mbili na kuanza. Tena kwa Kiswahili, ili Wamarekani wasielewe. "Maelfu ya dola nimemwaga kwa ajili yako! Nafanya shifti mbili, halafu wewe unasimama kama mlingoti?" Mimi nilikuwa magari matatu kutoka hapo, nakunja kiti changu. Kijana yule Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Ukimwuliza habari za shule atakujibu kwa Kiingereza. Siku ile alielewa kila neno. Aliinama akawa anakwangua udongo kwenye viatu vyake vya meno kwa kucha, anakwangua tu, viatu ambavyo timu ile haitamwita avae tena.

Simtaji mwenye kosa, na kama angekuwa peke yake nisingeshika kalamu. Msimu huu nimewasikia wengi. Mmoja kanyamaza na mwanawe kutoka kitongoji cha Katy mpaka nyumbani, redio imezimwa. Mwingine kamwambia mkewe, mtoto akisikia, "huyu wako hana moyo." Akishinda ni wetu, akishindwa ni wako. Hebu!

Ninachokiona hapa ni masimango, wanangu. Kwetu mtu akimsimanga mgeni kwa wali aliomlisha, mtaa mzima unamdharau. Sasa unamsimanga mtoto wa kumzaa mwenyewe? Hizo shifti mbili hakukuomba uzifanye. Timu ya kulipia ya kiangazi, ile ya kwenda Dallas wikendi hii na San Antonio wikendi ijayo, hoteli, kocha wa binafsi wa kumfundisha kupiga, kigongo cha bei ya kodi ya chumba: wewe ndiye uliyetoa kadi, na ulipokuwa unaitoa ulikuwa unacheka na kupiga picha. Ukishatoa, umetoa. Ukitaka fedha irudi na faida, nenda benki kafungue akaunti, usifungue kwenye mgongo wa mtoto wa miaka kumi na saba.

Na hiyo faida mnayoisubiri, nani aliwaahidi? Katika kila vijana 100 wanaocheza besiboli sekondari nchini Marekani, takriban 7 tu ndio wanaoendelea kuicheza katika vyuo vilivyo chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, madaraja yote matatu ukiyajumlisha. Tena kucheza chuoni si kusomeshwa bure. Kwa miaka mingi timu nzima ya daraja la kwanza iligawana ufadhili kamili usiozidi nafasi 11.7, wanaume zaidi ya thelathini wakipasuliana hizo nafasi vipandevipande. Mwaka 2025 utaratibu ulibadilika, lakini kubadilika huko hakujamfanya kila mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) wa kitongojini kuwa tajiri. Wauzaji wa ndoto hizi wanajua hesabu hiyo kuliko nyinyi. Nchi hii imefanya mchezo wa watoto kuwa duka, na wageni sisi, tuliokuja na hofu ya kuachwa nyuma, ndio wateja wasiouliza bei.

Mtaniambia, mzee, wewe hujui uchungu wa kushindwa. Ninaujua. Lakini tazameni mtoano wenyewe ulivyo. Texas inazigawa shule kwa ukubwa, kuanzia 1A hadi 6A. Mei ikianza kila kundi lina timu kibao, na Juni ikianza wanaobaki ni wachache wanaokwenda kugombea ubingwa kule Round Rock, karibu na Austin. Wengine wote, mamia ya shule, msimu wao unamalizika kwa kufungwa. Mchezo wenyewe umeundwa hivyo. Kama fahari yako kwa mwanao inasubiri ashinde mechi ya mwisho, basi umejipangia kumwonea haya.

Wajapani wamelielewa hili kutuzidi. Vijana wao wa sekondari wana mashindano ya kila Agosti, yaliyoanza mwaka 1915, na tangu 1924 yanachezwa katika uwanja wa Koshien, karibu na Osaka. Timu 49 zinaingia, na ukipoteza mechi moja umefunga virago. Maana yake timu 48 zinaondoka zimefungwa. Wanapofungwa, vijana wanapiga magoti mbele ya benchi lao, wanachota udongo mweusi wa uwanja kwa mikono, wanautia kwenye mifuko midogo waende nao kwao. Wanalia hadharani, televisheni inaonyesha nchi nzima, na hakuna baba anayeruka uzio kuja kuuliza habari za fedha zake. Mashindano hayo yamezaa mtoto hata Dar es Salaam: Azania Sekondari kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na michuano ya shule huko inaitwa Koshien ya Tanzania. Ndugu zenu wa nyumbani wanacheza mchezo huu bila kigongo cha dola mia nne.

Sisemi Wajapani ni malaika. Warushaji wao walitumikishwa kupita kiasi kwa miongo, na kikomo walichokuja kuweka mwaka 2020, mipira 500 kwa wiki, mimi bado naona ni mateso.

Na hapo nyinyi pia mnahusika. Tangu 2017 kila jimbo la Marekani linatakiwa liwe na kikomo cha mipira kwa mrushaji wa sekondari pamoja na siku za kupumzika. Lakini kikomo cha shule hakimfuati mtoto Jumapili kwenye timu ya kulipia, na kocha wa Jumapili hataki kujua Ijumaa alirusha mingapi. Anayejua ni wewe. Upasuaji wa kiwiko uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa Tommy John, mrushaji wa Dodgers, timu ya kulipwa ya Los Angeles, mtu mzima wa miaka 31, leo wanafanyiwa watoto ambao bado wanasoma aljebra. Mtoto akisema kiwiko kinauma, aache kurusha. Usimtafutie dawa ya kuchua na kumrudisha uwanjani.

Mengine nayataja tu, maana mnayajua mkitaka kuyajua. Mtoto aliyekaa benchi msimu mzima naye alikwenda mazoezini saa kumi na mbili asubuhi. Mpongezeni kwa jina. Mama aliyefua jezi nyeupe zenye udongo mwekundu miezi minne asiwekwe nyuma ya picha siku ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho. Alama za darasani ziulizwe Machi, si Juni. Na jamani, mbegu za alizeti mnazotema chini ya viti, ziokoteni.

Halafu kuna magrupu ya WhatsApp. Kijana akipiga mpira ukavuka uzio, video inafika Tanga, Mombasa, Muscat na Leicester kabla hajamaliza kuzunguka vituo. Akitolewa, grupu zima kimya, baba "yuko bize". Watoto wanaona. Siku hizi simu zao ni za kisasa kuliko zenu, na wana shangazi zao kwenye magrupu hayohayo. Wiki hii nataka nione picha ya kijana yule aliyetolewa mwisho, na jezi yake chafu, imewekwa na baba yake mwenyewe, na maneno yoyote mazuri chini yake. Hata "mwanangu" peke yake inatosha. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huo tuliupigia kelele sisi wenyewe kwenye mechi za shule, na leo tunautaka kwa watoto tu.

Nimalizie na waamuzi, kwa sababu hili ndilo lililonikera zaidi baada ya lile la maegesho. Mpira ule wa mwisho ulikuwa halali. Nilikuwa nyuma ya uzio, usawa wa kituo cha nyumbani, nikauona. Lakini wanaume sita, watu wa heshima zao, wengine ni wazee wa kanisa na mmoja ni imamu msaidizi, walimzomea yule mwamuzi mpaka alipofika kwenye gari lake. Mtu huyo analipwa kiasi ambacho baadhi yenu mnakitumia kwa chakula cha mchana na mafuta ya kwenda na kurudi. Takriban waamuzi 50,000 wa michezo ya sekondari waliacha kazi hiyo nchini Marekani kati ya msimu wa 2018–19 na ule wa 2021–22, na matusi ya watazamaji ni miongoni mwa sababu wanazozitaja kwanza. Sehemu nyingine mechi zinahamishwa siku kwa kukosa mwamuzi wa kusimama nyuma ya mdakaji, yule anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji.

Kwa hiyo nina pendekezo, na si la mzaha. Vyama vya waamuzi hutafuta watu wapya kabla ya kila msimu. Wanafundisha kanuni, wanakupa mtihani, halafu wanakuanzishia na mechi za watoto wadogo. Yeyote kati ya wale sita anayeona vizuri kuliko yule mwamuzi, anitumie jina lake, nami nitampeleka mwenyewe kujiandikisha. Ada ya kwanza nitalipa mimi, na sitakusimanga. Mpaka leo hajajitokeza hata mmoja.

Wenu,
Mzee wa nyuma ya uzio,
Houston, Texas