Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Buibui Wetu na Majina Tunayowabandika

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika, hasa mliotoka Ujiji na Kibirizi na matope haya. Hesabu atazisoma Mhazini. Mimi nitasema tu kwamba ada zimelipwa kwa kusuasua kama kawaida yetu, na kwamba kidogo kilichopatikana kimenunua taa ya hadubini na koleo mbili ndogo. Wenye madeni wanajijua.

Jambo lililotutoa jasho mwaka huu ni majina ya buibui tunaowafuga, nami naanza na kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mitatu nimefuga tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, niliyemtoa shimoni chini ya mchikichi, nikambandikia karatasi yenye jina la kisayansi: Pterinochilus murinus. Nilimjua, au nilidhani namjua, kwa ile michirizi ya mgongoni inayotawanyika kama miale ya jua. Wageni wakija, namwonyesha kwa majigambo. Mwezi wa tano akajivua gamba (nazungumzia buibui, siasa nimeiacha nyumbani). Katibu wetu, ambaye ni mwalimu wa biolojia, akaliloweka lile gamba kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, akalitandaza taratibu, tukaangalia upande wa ndani wa tumbo, pale penye vifuko ambamo jike hutunza mbegu za dume. Havikufanana na mchoro wa murinus hata kidogo. Kumbe ile miale wanayo Pterinochilus wengine pia, na hata jamaa zao wa jenasi nyingine. Katibu alinitazama tu, hakusema neno. Karatasi ya sasa inasomeka "Pterinochilus?", na alama ya kuuliza nimeikoleza kwa kalamu nyekundu.

Huyo murinus mwenyewe ndiye chanzo cha nusu ya ugomvi wetu. Alipewa jina na mtaalamu wa buibui Pocock mwaka 1897, na mtaalamu mwingine, Gallon, alipoipitia upya jenasi nzima mwaka 2002 hakuzifanya rangi zake kuwa spishi tofauti. Kuna wa kahawia, kuna wa kijivu, na kuna yule wa Usambara mwenye rangi ya chungwa inayowaka kama kaa la moto. Mtu akiwaweka hao kwenye makopo matatu ataapa ni aina tatu. Wafanyabiashara wa ng'ambo nao huwauza kwa majina ya mahali: Usambara, Mikumi, na mmoja wanamwita Kigoma. Ndiyo, Kigoma hii. Huyo "Kigoma" anaweza kuwa amezaliwa kwenye kopo la plastiki huko Ulaya, kama mama yake na bibi yake, wala hajawahi kusikia honi ya treni. Jina la mji kwenye kopo linatuambia muuzaji wa kwanza alisema nini. Kuhusu spishi, halituambii kitu.

Na kinyume chake kipo: sura moja, spishi mbili. Tarantula wa Mexico wenye magoti ya rangi ya chungwa walifugwa duniani kwa miaka mingi wakiitwa Brachypelma smithi. Mwaka 2017 watafiti Mendoza na Francke wakaonyesha kwamba wengi wa waliokuwa mikononi mwa wafugaji ni Brachypelma hamorii. Hapo tayari watu walikuwa wamepandisha dume la huku na jike la kule, wakidhani wanazalisha aina moja. Sisi tusiwacheke. Katika fungu moja la dagaa pale Kibirizi mnaweza kuwamo samaki wa aina mbili, Stolothrissa na Limnothrissa, na wote tunawaita dagaa. Tofauti ni kwamba dagaa tunamla, hatumwandikii cheti cha ukoo.

Umri nao unatuvuruga. Vitoto vya buibui vya spishi mbalimbali hufanana mno, na mkubwa anayekaribia kujivua hufifia rangi, kisha hutoka anang'aa kama si yeye. Mwanachama mmoja alimlea "Bibi" kwa mapenzi makubwa. Siku moja Bibi akajivua gamba na kutoka na vipapasio vilivyovimba nchani kama ngumi za bondia. Alikuwa dume, na madume yakishafikia hapo hayaishi muda mrefu. Rambirambi zetu zilimfikia. Gamba la awali lingemwambia ukweli mapema, lakini alilitupa.

Kwa hiyo Kamati imeamua kwamba hatutatoa tena jina la spishi kwa picha ya simu. Ninapokea picha saa sita za usiku, nyingine zimepigwa gizani, zikiambatana na "Mwenyekiti, huyu nani?" Huyo ni buibui. Mwanachama mmoja alifungua kopo apate picha ya karibu, akang'atwa kidoleni. Tarantula wa Afrika hawana yale manyoya ya kuwasha ambayo wengi wa Amerika humrushia adui, silaha yao ni meno, na mwenzetu alikesha na maumivu na misuli iliyokakamaa. Andikeni mlikompata, tarehe, na kama alikuwa shimoni au kwenye utando juu ya kichaka. Nafasi ya jina ibaki wazi. Asiyejua spishi za wanyama wake asiwapandishe.

Tulipata pia ombi la mtu wa nje aliyetaka tumtumie "Kigoma halisi". Tumekataa. Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na sitaki chama hiki kijaribu kutafuta uchochoro. Isitoshe, yeye alitaka uhakika wa jina, nasi ndio kwanza tunafuta yetu.

Kikao kijacho Katibu ataleta hadubini. Leteni magamba yakiwa makavu, kila moja kwenye kopo lake lenye maandishi. Mwaka jana kuna aliyeleta lake kwenye mfuko uliokuwa na dagaa, na hadi leo hatujaelewa tulichokitazama.

Mwenyekiti,
Kigoma