Malalamiko kuhusu ripoti yenu ya moto ndani ya ngama ya makontena

Ndugu Meneja,

Nimeisoma ripoti yenu mara mbili kabla ya kushika kalamu. Tuliwaomba mtuigie kwa kompyuta moto unaoanzia ndani ya kontena la makaa, ngamani (chumba cha shehena cha meli), falka, yaani vifuniko vya juu vya ngama, zikiwa zimefungwa. Mmetuigia moto mwingine kabisa.

Tazameni mchoro wa tatu. Ngama mmeigawa kwa vijumba vya kukokotolea vya nusu mita kila upande. Mianya kati ya kontena na kontena ni sentimita chache tu, na humo ndimo moshi na joto hupita. Kwa vijumba vikubwa hivyo mianya imemezwa, makontena yamekuwa jiwe moja. Picha zenu za rangi zinapendeza, sikatai.

Moto nao mmeuweka sakafuni, nje ya makontena, ukiwaka kwa ndimi tangu sekunde ya kwanza. Makaa yaliyofungiwa hufukuta polepole, na moshi huchelewa kupenya mpira wa mlango. Kwenu kengele inalia sekunde ya 40, kwa kitambuzi cha moshi mlichokibandika darini. Meli yetu haina kitambuzi hapo. Ina mabomba yanayovuta hewa ya ngama hadi kwenye kabati la kutambua moshi lililo chumba cha usukani.

Lililonikera zaidi ni gesi ya kuzimia moto. Asilimia 30 ya ujazo wa ngama ni kipimo cha kanuni cha kaboni dayoksaidi ambayo meli inapaswa kubeba. Hakisemi kwamba ndani ya kontena itafika kiasi hicho. Nyinyi mmeieneza sawasawa kila pembe kwa dakika moja, kisha ukurasa wa 31 mkaandika "moto umezimika". Nahodha akiamini hivyo atafungua falka mapema, hewa iingie, na makaa yalipuke upya.

Nilipompigia mhandisi wenu alijibu kuwa programu ndivyo ilivyotoa. Ukubwa wa vijumba haukuchaguliwa na programu.

Tunataka kazi irudiwe ndani ya siku 21: moto uanzie ndani ya kontena, mianya ionekane, uvujaji wa falka uhesabiwe, na mjaribu angalau saizi tatu za vijumba tuone kama jibu linabadilika. Tuleteeni na mafaili ya data mliyoiingiza. Nusu ya malipo iliyobaki tumeizuia. Nahodha tayari ameagizwa autoe ukurasa wa 31 kwenye jalada la meli.

Wenu,
Msimamizi wa usalama wa meli