Yah: Malalamiko kuhusu programu yenu ya kufuatilia siku za kushika mimba

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mimi ni mteja wenu wa kulipia. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto, na nililipa ada ya mwaka mzima kwa ajili ya kile mnachokitangaza kuwa ni "utabiri unaoujua mwili wako". Nilichopata ni kalenda yenye rangi nzuri.

Kila asubuhi programu inaniamsha nipime joto kabla sijashuka kitandani. Baadaye inauliza ute wa ukeni ukoje: umekauka, ni mzito, au unavutika? Mchana inanikumbusha kipimo cha mkojo cha LH, homoni inayopanda kabla ya yai kutoka. Vyote najaza. Mzunguko wangu haushikiki, mara siku 28, mara 38. Ninyi mnachukua wastani, 33, mnatoa siku 14 za kutoka yai hadi hedhi, na kunitangazia kwamba yai litatoka siku ya 19. Hesabu hiyo naiweza kwa vidole, tena bure.

Mzunguko uliopita ndio ulionimaliza subira. Siku ya 21 nilijaza kwamba ute umekuwa mwangavu na unavutika, dalili kwamba yai linakaribia kutoka. Siku ya 23 kipimo cha LH kikaonyesha mistari miwili, na ule wa kipimo umekoza kuliko wa kulinganishia. LH ikipanda hivyo, kwa kawaida yai hutoka ndani ya saa 24 hadi 36, na likishatoka halimalizi zaidi ya siku moja. Nikapiga picha ya kipimo kama mnavyoelekeza, nikaipakia. Programu ikanijibu: "Asante, taarifa imehifadhiwa!" Chini yake, kwenye ukurasa uleule, kulikuwa na kiduara cha kijivu kilichoandikwa: "Uwezekano wa kushika mimba: mdogo". Siku ya 25 joto likapanda kutoka 36.4 hadi 36.8, na likabaki huko juu, dalili kwamba yai limeshatoka. Kale kaua kenu ka waridi kanakoonyesha siku ya yai hakakusogea. Kaliendelea kukaa siku ya 19.

Mimi nilifuata kipimo. Lakini yupo mwenzangu aliyekiamini kiduara, akamwacha mume asafiri kwa amani. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi hadi siku tano, kwa hiyo ukijumlisha na siku ya yai lenyewe, siku za kushika mimba ni kama sita tu katika mzunguko mzima. Zikipita, unaanza kusubiri upya, na anayesubiri ndiye anayejua mwezi una urefu gani.

Yote hayo ningeyameza. Nisichoweza kukimeza ni ujumbe wa siku ya 36, uliokuja na puto na nyota: "Umechelewa siku 2! Huenda kuna habari njema. Pima leo." Sikuwa nimechelewa hata kidogo, na takwimu zenu wenyewe zilionyesha hivyo. Hedhi hufuata takriban wiki mbili baada ya yai kutoka, na joto langu lilikuwa limepanda siku ya 25 tu. Nilipima, nikaona mstari mmoja. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hedhi ilikuja siku tatu baadaye, kwa wakati wake halali.

Nilipowaandikia, nilijibiwa hivi: "Mwili wa kila mwanamke ni tofauti. Endelea kujaza, programu itakuzoea." Kama mnajua kwamba miili inatofautiana, kwa nini wote mnatukata kwa kipimo kimoja cha siku 14?

Kuna na hili. Nimevuka miaka 35, na umri wangu mnao. Ushauri wa kawaida wa madaktari ni kwamba mwenye umri huu amwone daktari baada ya miezi sita ya kujaribu, wakati aliye chini ya hapo husubiri mwaka. Programu yenu inanibembeleza niendelee kusubiri tu. Sitaki kuamini kwamba ni kwa sababu anayesubiri ndiye anayelipa ada.

Naomba mambo haya. Siku ya yai iandikwe wazi kuwa ni makadirio, na kipimo cha LH kikisema vinginevyo, programu ifuate kipimo. Ujumbe wa "umechelewa" usitumwe kwa mtu ambaye joto lake linakataa, na mtu aweze kuuzima kabisa. Nimepekua mipangilio yote, kitufe hicho hakipo. Nirudishiwe ada ya miezi iliyobaki. Taarifa zangu zote zifutwe, nami nielezwe kwa maandishi zimepelekwa kwa nani. Hilo la mwisho siliulizi kwa wasiwasi wa bure: mwaka 2021 FTC, tume ya Marekani inayolinda haki za wateja, ilifikia makubaliano na watengenezaji wa Flo, programu nyingine ya kufuatilia hedhi, baada ya kuwatuhumu kwamba walipeleka taarifa za afya za watumiaji kwa makampuni mengine, Facebook na Google zikiwemo. Na mimi, tangu nijaze kwamba natafuta mimba, matangazo ya vitanda vya watoto hayanipi nafasi.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Naomba aniandikie mtu aliyefungua kumbukumbu zangu za mzunguko huo na kuzisoma, siku ya 21 hadi ya 36.

Wenu,
Mteja wa kulipia