Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia ya Mzee wa Keya, Webuye

Sisi watoto, wajukuu na vitukuu wa marehemu mzee wetu, tuliyemzika Jumamosi iliyopita nyumbani kwake chini ya vilima vya Chetambe, tunatoa shukrani za dhati kwa wote waliosimama nasi tangu usiku wa msiba hadi siku ya kumuse, baraza letu la Wabukusu la kumkumbuka marehemu na kuwausia waliobaki. Ameishi zaidi ya miaka mia. Hatuwezi kumtaja kila mtu, lakini wapo ambao tukiwapita kimya, hata yeye hataturidhia.

Wa kwanza ni ndugu zetu wa Kitui. Wengi matangani waliuliza hawa ni akina nani, mbona wanalia kama wenye msiba. Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Babu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika) huko Bama, sasa Myanmar, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiwafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw kuelekea mto Chindwin. Mvua haikukatika, barabara zilikuwa tope tupu, malaria iliwaangusha watu, chakula kilidondoshwa kwa ndege. Asubuhi moja kikosi chao kilimiminiwa risasi za bombomu, yaani bunduki za rashasha, kutoka msituni, askari wawili wakabaki wameanguka mahali peupe. Babu alitambaa, akamburuta wa kwanza. Kisha akarudi kumfuata wa pili, risasi zingali zinapita. Huyo wa pili ndiye baba yao hawa wa Kitui. Mwanawe, naye sasa ana mvi, alisimama mbele ya jeneza akatueleza kwamba babake alimwachia wasia: siku akisikia mtu huyu amefariki, asikose kufika. Wamesafiri usiku kucha. Asanteni sana, nyinyi si wageni tena hapa.

Babu aliacha medali mbili. Nyota ya Bama walipewa askari wote waliopigana kule. Hii nyingine, ya MM (Military Medal), ilitolewa kwa ushujaa tu, na Babu aliifunga kwenye kitambaa asiizungumzie. Mlioishika siku ile mliona: fedha nzito, kichwa cha Mfalme George wa Sita upande mmoja, utepe wa buluu iliyokolea wenye mistari myeupe na myekundu katikati, na pembeni kabisa, kwenye ukingo, namba yake ya jeshi na jina lake kwa herufi ndogo. Vitukuu walipitisha vidole hapo mmoja mmoja.

Tunamshukuru mchungaji wetu wa Kanisa la Friends. Kanisa letu halikubali vita, na tulihofu kuomba tarumbeta ya kijeshi kaburini. Yeye aliruhusu, akahubiri juu ya wale wawili waliookolewa. Hapakuwa na mahubiri bora kuliko hayo.

Msemaji wa kumuse naye tunamshukuru kwa kutoficha neno. Alianzia ngome ya Chetambe mwaka 1895, wazee wetu walipouawa kwa bunduki za Waingereza, akafika Bama, akafika na siku askari hawa waliporudi nyumbani mikono mitupu huku Wazungu waliotoka vita hiyo hiyo wakigawiwa mashamba. Heshima ya Babu haipungui kwa kusemwa hayo. Ilifaa yasemwe mbele ya vijana.

Wanajeshi wastaafu mliobeba jeneza, vijana mliochimba kaburi kwenye mvua na kusukuma magari yaliyokwama, akina mama wa jikoni, wakwe zetu, majirani, wauguzi, na wote mliochanga: Mungu awazidishie mlipotoa.

Limebaki jambo moja. Yule askari wa kwanza aliyeburutwa, Babu alisema tu alikuwa mtu wa Kano, upande wa Kisumu, na kwamba alirudi nyumbani salama. Kama kuna familia huko iliyomsikia baba au babu yao akisimulia asubuhi hiyo ya Kabaw, tunawaomba mje Webuye. Mkifika stendi, ulizeni nyumbani kwa mzee wa Keya, mtaletwa hadi mlangoni.