Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: tunaomba ufunguo wa ukumbi

Kwako Profesa, Makamu Mkuu wa Chuo chetu,

YAH: UKUMBI WA SANAA ZA MAONYESHO

Husika na mada tajwa hapo juu. Ninakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu tulizozipitisha kwa mkuu wa idara, mojawapo ikiwa na saini za darasa zima, zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na hadi leo hazijajibiwa. Sina shaka kwamba una kazi nyingi. Mimi Ijumaa iliyopita nilikuwa na moja tu, nayo ni kufanya mtihani wangu wa mwisho.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika fani yetu hafanyi mtihani huo kwenye dawati. Anaongoza mchezo jukwaani, mbele ya watahini na hadhira, na zaidi ya nusu ya alama za somo hutokana na usiku huo mmoja. Mimi niliongoza Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 kuhusu Vita vya Majimaji. Waigizaji 14 walifanya mazoezi kwa wiki 11 chini ya mwembe ulio nyuma ya bwalo, kwa kuwa kila tulipouomba ukumbi tuliambiwa unatumika. Jukwaa tulilichora ardhini kwa majivu, na kila mvua iliponyesha tulilichora upya. Mwigizaji aliyezoea mchangani hawezi kujua sauti yake itafika wapi ndani ya ukumbi, wala kivuli chake kitamwangukia nani taa zikiwashwa, na ndiyo maana tuliomba siku mbili tu za kulizoea jukwaa. Hatukupewa hata moja.

Ijumaa saa kumi na moja jioni tulifika na maleba yetu tukakuta ukumbi umepambwa kwa ajili ya harusi. Mlinzi, mzee wa watu, alituomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Mama yangu alikuwa amepanda basi kutoka Korogwe aje aone ni nini hasa mwanawe anachosomea, maana kule nyumbani nikitaja sanaa za maonyesho, baba mdogo, ambaye ndiye anayenilipia ada, huuliza kama chuo kizima kinafundisha vichekesho. Mama alisimama nje akimsikiliza mshereheshaji, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo harusi ndiyo mchezo wenyewe. Sikuwa na la kumjibu, Profesa. Alirudi Korogwe Jumamosi asubuhi. Nauli yake, pamoja na fedha zangu za kujikimu nilizompa fundi ashone kaniki za waigizaji, sikudai. Naziandika hapa ili zijulikane.

Wapo wanaosema kwamba ukumbi unakodishwa kwa sababu ruzuku haitoshi, na huenda ni kweli. Mimi nahisi kuna zaidi ya hilo. Nahisi utawala unatuhesabu kuwa ni burudani. Kila anapokuja mgeni rasmi, idara yetu ndiyo hupigiwa simu usiku ilete ngoma, nasi hucheza juani, tukapewa soda na andazi, tukaombwa kupisha kabla hotuba hazijaanza. Siku hizo hakuna anayetusahau. Lakini mwaka 1982 na 1983, kule Malya mkoani Mwanza, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walitumia ngoma na maigizo kuwawezesha wanakijiji kujadili waziwazi mimba za wanafunzi, jambo ambalo watu walikuwa wakilinong'onezana tu. Hiyo haikuwa burudani ya kusindikizia soda. Ujuzi huohuo ndio tunaofundishwa hapa, ila sisi tunaupata kwenye vitini.

Naomba pia nikukumbushe hotuba yako ya kutukaribisha tulipokuwa mwaka wa kwanza. Nilikaa safu ya pili, na nilikusikia vizuri ukisema kwamba kabla hatujahitimu jukwaa litakuwa na taa mpya na ukumbi utakuwa mali ya idara. Tulipiga makofi. Tuliyaamini maneno yako kama wapiganaji wa mchezo wangu walivyoamini kwamba risasi zitageuka maji, na yaliyowapata unayajua, kwa kuwa wewe ni msomi.

Taa nimeacha kuzidai. Mapazia yabaki yalivyo, na penye viti vilivyovunjika tutatandika mikeka. Matokeo yangu yanasomeka kuwa hayajakamilika, na yakibaki hivyo sitahitimu pamoja na wenzangu. Ninachoomba ni usiku mmoja kabla chuo hakijafungwa, hata ukiwa wa Jumatatu, siku ambayo sidhani kama kuna anayeoa. Mlinzi anasema hawezi kuutoa ufunguo bila saini yako. Waigizaji wapo, kaniki zimefuliwa na kukunjwa. Tunaomba ufunguo, Profesa.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Sanaa za Maonyesho